Mrija wa Aanyu

Sajini Emong aliamshwa na sauti ya ufagio. Alibaki kitandani amefumba macho, akiusikiliza ukikwaruza udongo wa ua kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mpapai, unasimama kidogo, kisha unarudi. Miaka miwili ua ule haukufagiwa na mwenyewe. Msichana wa jirani ndiye aliyekuja kuupitia haraka haraka apate kikombe cha chai, na Emong, kama wanaume wengi wa Kiteso wenye sare na cheo, hakujua hata ufagio unawekwa wapi.

Sasa mkewe Amoit alikuwa nje, anafagia, na anaimba.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma Amoit aliugua homa. Homa ikaisha, yeye hakuinuka. Walimpima damu, malaria, kifua kikuu, kila kinachopimika, na kila jibu likarudi safi. Mwishowe daktari mmoja wa Mbale akaupa ugonjwa jina, uchovu sugu, akasema wanao watu wengi duniani na dawa ya uhakika haijapatikana. Tangu hapo Emong aliishi na mwanamke aliyelazimika kulala tena baada ya kuchana nywele. Alimpenda, hilo halina mjadala. Lakini pia alimkumbuka, na kumkumbuka mtu ambaye yuko chumba cha pili kunachosha kuliko doria ya mpakani.

Halafu wiki iliyopita akaamka. Dirishani pakaonekana chupa ndogo yenye kifuniko cha manjano. "Vitamini za nguvu," Amoit alisema, "wanawake wa kwaya ndio walionielekeza." Emong, mtu anayeweza kumhoji hata mbuzi aliyeonekana njia isiyo yake, hakuuliza swali la pili.

"Papa Asio!" Amoit alimwita dirishani kwa jina la binti yao aliyekuwa shule ya bweni. "Uji unapoa. Na Jumapili naenda kanisani kwa miguu, nacheza na kwaya. Usije ukanikataza."

"Nani kakukataza?"

Uji ulikuwa wa wimbi, umetiwa ukwaju, mchachu kama anavyoupenda. Alipokuwa akimmiminia, mkono wa Amoit ulitetemeka hata mezani pakamwagika. Akacheka, akasema ni furaha. Emong alifuta meza kwa kiganja na kukubali kwamba ni furaha, maana alitaka sana iwe hivyo.

*

Kituoni Busia, mtu wa kwanza kuhojiwa asubuhi ile alikuwa Awor, mama wa Kijapadhola aliyeolewa Dabani, aliyekuwa mahabusu tangu Jumamosi. Shauri lake kila mtu mjini alilijua. Wanawake wa upande ule wa Dabani wana kundi la kulimiana: leo wanalima kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, na mwenye shamba ndiye anayepika ajono, pombe ya wimbi. Kazi ikiisha wanazunguka chungu kimoja, maji ya moto yanaongezwa, kila mtu na mrija wake mrefu. Jumamosi walilima kwa Awor. Mwenzao aitwaye Aanyu alilima, akakaa, akanyonya kidogo, akasimama, akaanguka, hakuinuka tena.

Chungu kilikuwa kimoja na aliyekufa alikuwa mmoja. Kijiji kikajumlisha chenyewe: sumu haikuwa chunguni, ilikuwa kwenye mrija. Na aliyepokea mirija ya wageni na kuitumbukiza chunguni, kama desturi inavyomtaka mwenyeji, ni Awor, ambaye msimu uliopita aligombana na Aanyu juu ya mpaka wa shamba. Polisi walimchukua ili asichomewe nyumba akiwa ndani. Baadaye ulinzi ukageuka kuwa mashtaka, kama inavyotokea mkubwa wa kituo anapotaka jalada lifungwe.

"Afande, naambia wewe tena," Awor alisema. Yeye na Emong hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili cha mpakani. "Mimi hapana weka kitu."

"Mrija ulikuwa wa nani?"

"Yake. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Nani anaazima mtu mrija? Hiyo ni kama kuazima mswaki."

"Lakini ulipokea wewe."

"Nilipokea ya watu wote! Shamba yangu, pombe yangu, sasa nani atapokea?"

"Na ugomvi wa mpaka?"

"Tuligombana, ndiyo. Mwenyekiti wa kijiji akakuja, akapima, tukamaliza. Aanyu mwenyewe ndiye alichagua tulime kwangu siku ile." Awor alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Afande, yule mtu alikuwa nalala tu, miaka. Tukipita kwenda shamba anatuangalia kwa mlango, unaona tu ile macho. Sasa Jumamosi anakuja na jembe! Alilima kama trakta. Sisi tuko nyuma, tunamwambia pole pole, shamba haikimbii. Yeye nacheka. Jasho namwagika na jua haijatoka. Anasema moyo yake napiga ngoma. Tukafikiri ni furaha."

Kalamu ya Emong ilisimama.

"Rudia hapo."

"Ni furaha, afande. Tulifikiri ni furaha."

Emong alifunga jalada. Ripoti ya daktari ilikuwa humo ndani: moyo ulisimama, tumboni hakuna sumu ya shambani wala ya panya, mrija umeoshwa na kupimwa, hauna kitu. Mkubwa wa kituo aliisoma na kusema kwamba kuna sumu zisizoonekana. Jumatatu ijayo Awor angepelekwa mahakamani. Emong alitaka kujua jambo dogo zaidi, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: mwanamke aliyelala miaka aliinuliwa na nini?

*

Okia, mume wa Aanyu, alikuwa amekaa nje ya nyumba kwenye kiti cha kamba, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Walisalimiana kwa Kiteso na kuongea Kiteso mpaka mwisho.

"Alikuwa akimeza dawa yoyote?"

Okia aliingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani ya kopo mlikuwa na chupa ndogo yenye kifuniko cha manjano.

Emong aliichukua chupa ile. Aliigeuza, akasoma karatasi yake: herufi nne kubwa, NADH, na maneno ya Kiingereza kwamba ni koenzaimu ya nishati ya seli. Alipoitikisa ililia kwa uzito. Ilikuwa karibu imejaa, na shingo yake ina vumbi.

"Nilimnunulia mimi," Okia alisema. "Kwa Ajambo, yule nesi mwenye duka la dawa karibu na mpaka. Ajambo akasema kimoja kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na avumilie wiki nyingi. Nikamwambia Aanyu, vumilia. Vumilia, vumilia. Neno hilo nimelisema mpaka likachuja."

"Hakuvumilia. Chupa imejaa."

"Lakini aliamka, Sajini! Kabla ya mwezi kuisha aliamka. Alinipikia. Alikwenda kisimani mwenyewe, nikamfuata nyuma kwa siri kama kijana anayechumbia."

"Aliamka, ndiyo. Si kwa hii. Duka lilisema itunzwe vipi?"

"Isione jua wala unyevu. Ndiyo maana ya kopo."

Emong aliomba kuingia jikoni kwa marehemu. Kilikuwa kibanda cha udongo, mafiga matatu, na juu ya meko, kwenye boriti za paa, vitu vyote vya nyumba visivyotaka wadudu: mbegu za mahindi, ufagio mpya, na mwanzi mrefu wenye kifuniko cha ngozi, ala ya kutunzia mrija. Watu wa huku huutundika hapo ili moshi uufikie, la sivyo mrija huliwa na vidudu kabla ya sherehe. Kila kitu pale juu kilikuwa cheusi kwa masizi. Kifuniko cha mwanzi peke yake kilikuwa kinang'aa.

"Mkeo alikaa kwenye chungu mara ngapi tangu augue?"

"Jumamosi tu. Mtu asiyelima hakai kwenye chungu cha waliolima. Ni yeye mwenyewe aliyeona aibu."

"Kwa hiyo mrija ulishushwa mara moja tu."

"Mara moja."

"Mara moja haing'arishi ngozi hivi, Okia. Hapa mkono umepita kila siku."

Akapanda juu ya kinu, akaushusha mwanzi, akafungua. Mrija haukuwemo, ulikuwa maabara. Aliuinamisha mwanzi na kuupiga chini kidogo, na kikaanguka kibahasha cha kaki, vile vinavyotiwa dawa madukani. Ndani yake vilibaki vidonge viwili, vyeupe, kila kimoja kimechorwa mstari katikati. Mahali pakavu kuliko pote nyumbani, penye giza kuliko pote, na ambapo mwanamume hana sababu ya kuingiza mkono: Aanyu aliyafuata maagizo ya duka vizuri sana.

Emong alimwaga vidonge vya chupani kwenye kiganja cha pili. Vya chupani vilikuwa na rangi ya maziwa ya mgando, laini, havina mstari. Hivi vyenye mstari alikuwa amekwisha kuviona. Wiki nzima aliviona asubuhi kwenye kiganja cha Amoit. Na siku ya kwanza Amoit, kwa woga, alikivunja kimoja nusu kwa nusu hapo kwenye mstari.

Alijifanya anakohoa moshi.

"Alinificha," Okia alisema polepole. "Mimi wa kusema vumilia na yeye wa kuficha." Kisha akamwangalia Emong usoni. "Sajini, wewe umesoma. Zile siku alizoamka, alikuwa ni yeye? Au nilikuwa nafuata kidonge kisimani?"

Emong alivirudisha vidonge kila kimoja mahali pake. Alimshika bega, akachukua chupa na kibahasha, akaenda kuwasha pikipiki.

*

Phillip Oketcho alikuwa mfamasia wa Tororo, mtu wa Rubongi, mnene, mwenye duka safi ambalo dirisha lake linautazama ule mwamba mkubwa wa mji. Alivaa miwani, akaviweka vidonge vya aina zote mbili juu ya karatasi nyeupe, akavitazama kama mama anayechambua mchele.

"Hii ya chupa naijua," alisema. "Kila seli ya mwili iko na jiko yake. Hii kitu ndiyo inapeleka moto kwa jiko. Mwili inatengeneza yenyewe. Watu wengine wanafikiri mgonjwa wa uchovu akiongezewa, atapata nguvu."

"Na anapata?"

"Kuna wachache walisema walipata nafuu. Si wengi, na utafiti yenyewe ni kidogo. Mimi siwezi kukuahidi. Lakini angalia: hata kwa hao, ni wiki, ni miezi. Hakuna mtu anameza asubuhi na kushika jembe mchana. Hii haiamshi mtu, Sajini. Hii inamgongea tu mlango, pole pole."

"Na hii nyingine?"

"Kwanza, mstari. Mstari ni ya kuvunja kidonge. Hii koenzaimu huwezi kuvunja, kwa sababu tindikali ya tumbo inaiua. Lazima ivalishwe koti, ipite tumboni salama, ifunguke mbele. Ukivunja, umevua koti. Sasa nani anaweka mstari kwa kitu haivunjwi?"

"Mtu asiyejua ni nini anaiga."

"Umesema."

Emong alifikiria uji wa asubuhi. "Una ukwaju?"

Oketcho alicheka, lakini msaidizi wake alikuwa na juisi ya ukwaju ya chakula cha mchana. Waliimimina kwenye vikombe viwili vidogo vya dawa na kutia kidonge kimoja kimoja. Kile cha chupani kilikaa chini kimya, kizima. Kile cha mstari kilianza kutoa povu la maziwa papo hapo, na kabla hawajamaliza kuulizana habari za nyumbani kilikuwa tope. Oketcho alionja tope lile kwa ncha ya ulimi, akatema kwenye sinki, akasukutua.

"Chungu kama kahawa ya jeshi. Kafeini, nyingi. Na nafikiri kuna ile dawa ya kufungua kifua, efedrini, maabara itasema. Mtu amelala miaka, moyo yake imelegea, unampiga na hii, anaamka, eh! Anaona amepona. Kumbe anachomwa. Anatetemeka, anatoka jasho, halali. Halafu anashika jembe."

Emong alikisogeza mbali kile kikombe cha tope.

"Na akiacha?" aliuliza. "Mtu ambaye anameza sasa hivi. Wiki moja."

Oketcho alivua miwani. Hakuuliza ni nani.

"Aache leo. Apimwe moyo leo. Atarudi pale alikuwa, na siku za kwanza atakuwa chini zaidi. Pole sana, ndugu yangu."

Nje, mwamba ulikuwa pale pale, na mbuzi chini yake. Oketcho alimsindikiza hadi kwenye pikipiki na kumwambia jambo la mwisho, la kazi. Kidonge kimoja kimeyeyuka, kimebaki kimoja. Wakili yeyote atasema kimoja kilichotoka jikoni kwa marehemu kingeweza kutoka popote. Sajini alihitaji chupa iliyotoka dukani, na mtu aliye hai aliyeinunua kwa mkono wake.

*

Ajambo alikuwa anafuta rafu alipoingia Emong na konstebo mmoja. Rafu ya nyuma ilikuwa tupu na mbichi kwa maji ya sabuni. Alikuwa mwanamke nadhifu, Msamia mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo, cha Kenya.

"Karibu afande. Kichwa inauma?"

"Nguvu zimepungua. Nimesikia unauza dawa yake."

"Hizo niliacha. Zilikuwa saplimenti tu, boss, si dawa. Mtu hafi na saplimenti."

"Sijasema kuna mtu amekufa."

"Si unachunguza mambo ya yule mama wa Dabani? Mimi sijui alimeza ngapi, akimeza kupita kiasi hiyo ni shauri yake."

Emong aliegemea kaunta.

"Busia nzima inasema Aanyu ameuawa kwa mrija. Sokoni ni mrija, kanisani ni mrija, hata mkubwa wangu anasema mrija. Kuna mwanamke mahabusu kwa sababu ya mrija. Wewe peke yako mji mzima unasema kidonge."

Kitambaa kilisimama kwenye rafu. Ajambo alikaa juu ya kreti ya soda, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nilianza na za ukweli, afande. Nakuapia. Zilikuwa zinatoka Nairobi. Watu walimeza wiki moja wakarudi kunitusi. Naeleza, subirini, hii inaenda pole pole. Nani anasikia? Hujawahi kuangaliwa na mtu amechoka miaka mingi. Anataka kuamka kesho. Anataka apikie watoto wake kesho. Jamaa mmoja ng'ambo akaniambia iko za kuamsha. Nikajaza kwa zile chupa, wengine nikawafungia kwa bahasha. Walirudi wakinishukuru, wengine walipiga magoti hapo kwa mlango!"

"Aanyu alipiga magoti?"

"Aanyu alinikumbatia." Kisha akainua macho, na yalikuwa na ukali. "Sasa nipeleke. Shahidi utatoa wapi? Hapa duka ni safi. Wateja wangu hawatasema, wanaogopa zitaisha. Ama utaleta bibi yako? Wenzake wa kwaya walimleta wiki iliyopita, alikaa kwa hii kreti akalia. Umemwona sasa vile yuko? Wewe ndiye utamrudisha kitandani?"

Konstebo alitazama sakafu. Emong, kwa kitambo, tuseme ukweli, alipima. Jalada lilikuwa na mrija, ugomvi wa mpaka na mkubwa aliyeridhika. Nyumbani palikuwa na wimbo.

"Funga duka," alimwambia konstebo. "Mpeleke kituoni. Mimi naja na kielelezo."

*

Amoit alikuwa uani anaanika gauni lake jeupe la kwaya. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Alimwona mumewe amesimama kwenye lango bila kuingia, akaacha kubana nguo.

"Umejua," alisema.

"Nimejua. Wewe ulijua nini?"

"Kwamba si vitamini. Moyo unanikimbia kifuani kama panya darini. Usiku silali, nakusikiliza unavyokoroma mpaka jogoo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeanza kupiga mluzi ukinyoa ndevu." Alivuta gauni likae sawa kwenye kamba. "Miaka miwili hukupiga mluzi, Papa Asio. Nikasema hata kama ni uongo, wacha auone kidogo mwanamke aliyemuoa."

Emong alikalia ngazi ya jikoni. Alimweleza yote: jembe la Aanyu, mwanzi wa mrija, juisi ya ukwaju, kreti ya Ajambo. Alimwambia wazi kwamba amemkosa kwa miaka miwili akiwa humu humu ndani, na kwamba leo dukani alitamani kunyamaza. Amoit alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Awor ana watoto?"

"Anao. Mdogo bado ananyonya."

Amoit aliingia ndani. Alirudi na chupa ya kifuniko cha manjano, akamwekea kiganjani, akaufunga mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Nitasema kwamba niliinunua mwenyewe, kwake, na nitatia sahihi. Lakini nipeleke leo, kidonge cha asubuhi kikiwa bado kinanishika. Nataka kuingia kituoni nimesimama. Kesho itabidi nibebwe."

"Nilete pikipiki?"

"Kwa miguu. Pole pole, hutanikimbiza."

Akavaa viatu vyake vya Jumapili. Walipita barabara kuu ya Busia, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, kando ya walemavu wenye baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa sabuni na mafuta. Wanawake waliinuka vibandani kumwona. Amoit! Ni wewe? Umepona? Naye aliwasalimia mmoja mmoja, akiwauliza watoto, akicheka, na Emong akatembea kando yake akifupisha hatua, akitamani kituo kihamishwe mbele kidogo, mbele tena, hata huko Tororo. Alimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi.

Alitoa maelezo yake wima, na alikataa kiti mpaka alipotia sahihi. Kutoka hapo Emong alimpeleka hospitali, wakampima moyo na kumlaza chini ya uangalizi mpaka mapigo yaliposhuka. Ijumaa Awor aliachiwa. Alipita wodini na mtoto mgongoni kushukuru, akamkuta Amoit amelala, akaondoka kimya ili asimwamshe.

Jumapili asubuhi walikuwa nyumbani. Kwaya ilipita barabarani ikienda kanisani, ngoma mbele, na Amoit hakuweza kugeuza kichwa. Gauni jeupe lilikuwa bado kwenye kamba.

"Zile za pole pole," alisema sauti ilipopotea, "Oketcho anazo?"

"Anazo. Amesema hazina ahadi."

"Niletee nijaribu. Safari hii nitasubiri."

Emong alisimama katikati ya chumba, mikono haina kazi. Kisha akauliza swali ambalo angepaswa kuliuliza zamani.

"Ufagio unawekwa wapi?"

"Nyuma ya pipa la maji."

Aliutoa. Majirani waliokuwa wanapita walisimama kumwangalia sajini mzima ameinama na ufagio wa mkono, shati lake la Jumapili likiburuza vumbi. Alianzia mlango wa jikoni, akaelekea kwenye mpapai.

"Unaacha mistari," sauti ya Amoit ilitoka ndani, ndogo.

"Nitarudia."

"Anzia hapa dirishani, Papa Asio. Hapo mbali sikusikii."